Ugonjwa Ukitishia Mimba: Waislamu Wanafundishwa Nini?

Hapa Usenge vikundi vyetu vina watu wa dini mbalimbali, na Waislamu wamo. Mama mjamzito akishikwa na homa kali, utasikia watu wakibishana: je, dini yake inaruhusu mimba itolewe? Tusikisie. Tuelezane.

Je, kila ugonjwa unaleta swali hili?
La. Malaria, ambayo ni nyingi sana huku ziwani, inatibika katika mimba. Kaswende inatibiwa kwa sindano ya penisilini. Mama mwenye virusi vya Ukimwi akimeza dawa zake vizuri anaweza kuzaa mtoto asiye na virusi. Basi mtu asiwaambie ati ugonjwa huo ni sababu ya kutoa mimba.

Shida iko wapi?
Mara nyingine maji ya uzazi hutoka mapema, na tumbo la uzazi likaingiwa na vijidudu. Mama hupata homa, tumbo humuuma, na uchafu wenye harufu mbaya humtoka. Sumu ikienea katika damu, anaweza kufa upesi. Dawa peke yake hazitoshi. Daktari huona lazima tumbo litolewe kilichomo.

Uislamu wasemaje?
Uhai ni amana ya Mungu. Kufuatana na hadithi ya Mtume, wanazuoni wengi husema roho hupulizwa mimba ikifika siku 120. Kabla ya hapo madhehebu yanatofautiana: baadhi ya Wahanafi huruhusu kukiwa na udhuru, Wamaliki wengi hukataza tangu mwanzo. Baada ya siku 120 wote hukataza, ila kuokoa maisha ya mama. Mwaka 1990 baraza la wanasheria wa Kiislamu lililokutana Makka liliamua hivyo, likataka hatari hiyo ithibitishwe na madaktari wataalamu. Sababu yake ni hii: yakikutana madhara mawili, huchukuliwa lililo dogo. Mama ndiye shina. Akifa yeye, mara nyingi mtoto naye huenda.

Na sisi Wakatoliki?
Kanisa letu halikubali kutoa mimba kwa kusudi, lakini haliwazuii madaktari kumtibu mama ugonjwa wake mzito, hata kama matibabu yaweza kumfikia mtoto. Nayo Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 26, hukataza kutoa mimba, ila mhudumu wa afya aliyehitimu akiona dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini.

Tufanye nini?
Homa na maji kutoka havingoji kikao cha wazee. Mama apelekwe hospitali kwanza; sheikh au padre aitwe akiwa njiani. Kikundi kiweke akiba ya nauli, hata usiku gari lipatikane.

Jadilini:
1. Mama akizidiwa usiku, nani ana gari au boti?
2. Nani anashika pesa za dharura?
3. Jirani wa dini nyingine tunamsaidiaje bila kumhukumu?