Tuyafahamu Mafaili ya Muda Katika Kompyuta



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu mwanafunzi, makala haya yanaeleza jambo dogo la kompyuta ambalo likipuuzwa huleta hasara kubwa.

Yapo malalamiko mawili yanayosikika sana kwa watu wanaotumia kompyuta za madukani. La kwanza: "Nimeandika, nimehifadhi, nikirudi sioni kitu." La pili: "Cheti changu kimeonekana kwa mtu nisiyemjua." Hayafanani, lakini mara nyingi chanzo chake ni kimoja, nacho ni faili la muda.

FAILI LA MUDA NI NINI?

Waliosoma chuoni kwa ubao watalielewa jambo hili upesi. Aya iliandikwa kwa wino, mwanafunzi akaihifadhi moyoni, kisha ubao ukaoshwa ili iandikwe nyingine. Ubao ulikuwa na kazi yake, lakini hakuna aliyeutumia kutunzia hati ya shamba.

Kompyuta nayo ina ubao wake. Ni folda maalumu ambamo programu huweka nakala za kufanyia kazi kwa kitambo tu. Nakala hizo zinaweza kufutwa bila wewe kuulizwa.

HUTOKEA VIPI?

Mara nyingi hutokea pale faili linapotoka programu moja kwenda nyingine.

Kwanza, viambatisho vya barua pepe. Ukibonyeza waraka ulioambatishwa ndani ya Outlook, programu hiyo huweka nakala katika folda ya muda iliyofichika, kisha huiita Word ifungue nakala hiyo. Ukiandika na kuhifadhi, umehifadhi kwenye nakala ile ya kupita. Hapo ndipo kazi hupotea.

Pili, mafaili ya zipu, yaani mafaili mengi yaliyofungwa pamoja kama mzigo mmoja. Ukifungua faili likiwa bado ndani ya mzigo, Windows hulitoa na kuliweka katika folda ya muda. Utakayoyaongeza hayarudi ndani ya mzigo.

Tatu, printa. Kazi inayosubiri kuchapwa huwekwa kwenye diski kama faili la muda mpaka zamu yake ifike.

Nne, nakala za tahadhari. Word hujiwekea nakala kwa kawaida kila baada ya dakika 10, ili umeme ukikatika upate pa kuanzia. Hata hivyo yale uliyoandika baada ya nakala ya mwisho yanaweza kupotea, na ukifunga programu kwa utaratibu wa kawaida nakala hiyo hufutwa.

KUPOTEA NA KUSAHAULIKA

Watengenezaji wa programu wamejaribu kurahisisha mambo. Zamani kivinjari cha Firefox kiliweka katika folda ya muda faili ambalo mtu aliomba kulifungua tu. Kuanzia toleo la 98, lililotoka mwaka 2022, faili kama hilo huwekwa moja kwa moja katika folda ya vipakuliwa. Faida yake ni kwamba faili halipotei. Lakini kwenye kompyuta ya watu wengi, faili lisilopotea ndilo linalobaki kwa wengine.

Tufikirie mji wetu wa Dodoma. Mwanafunzi hutoka Kondoa, Mpwapwa au Kongwa kuja mjini kujaza kwa mtandao maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Huingia stesheneri, hufungua barua pepe yake, hupakua cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule, huchapa, hulipa, huondoka. Ameondoka yeye, vyeti vyake vimebaki. Anayekaa kiti hicho baada yake anaweza kuvifungua.

KANUNI TATU

1. Hifadhi kwanza. Kabla ya kuandika hata neno moja, liweke faili mahali unapopajua, kama vile folda yenye jina lako au flashi yako. Ukiwa ndani ya Word bonyeza F12. Ukiwa ndani ya LibreOffice Writer bonyeza Ctrl, Shift na S kwa pamoja. Kama ni zipu, toa mafaili yote kwanza.

2. Fungua kutoka hapo ulipohifadhi. Usirudi kwenye barua pepe kulifungua tena, maana utapata lile la zamani na kudhani kazi imepotea. Kila ukimaliza aya, bonyeza Ctrl na S, usisubiri zile dakika 10.

3. Safisha kabla ya kuondoka. Funga programu zote, toka katika barua pepe, kisha futa mafaili yako katika folda ya vipakuliwa. Katika Windows, ukiteua faili na kubonyeza Shift na Delete, halipiti kwenye pipa la taka. Kuona folda ya muda, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika %temp%, kisha Enter. Kama umefunga faili bila kulihifadhi panapostahili, tafuta humo upesi, kabla kompyuta haijazimwa.

Angalizo: kompyuta ya duka ina mwenyewe. Futa vilivyo vyako tu, na mwombe mhudumu ruhusa kabla ya kugusa folda ya muda, kwani huenda humo mna kazi ya mwenzako.

HITIMISHO

Ndugu mwanafunzi, siri ya mtu ni amana. Ukikuta cheti cha mwenzako kimesahauliwa kwenye kompyuta, usikifungue wala usikisambaze. Mwambie mhudumu akifute. Sheria ya nchi nayo imeliona jambo hili, kwani Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Lakini Muislamu hangoji sheria ndipo atunze amana.

Basi tukumbuke: hifadhi, fungua, safisha. Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, Aamin.

Wabillahi tawfiq.