Maneno ya Urithi wa Mwili katika Mafunzo ya Wauguzi wa Unguja

Kuwafundisha wauguzi wa huduma za msingi elimu ya jeni hudhaniwa kuwa kazi ya madaktari na maabara peke yao. Lakini muuguzi anayewahudumia watu wa Kendwa, pwani ya kaskazini mwa Unguja, yapata kilomita 60 kutoka Mji Mkongwe, hana mtambo wa kusomea jeni, wala haja nao si ya kila siku. Chombo chake cha kwanza ni swali, na cha pili ni maelezo; na vyote viwili ni vya lugha. Masomo ya chuoni aghalabu huyapata kwa Kiingereza, ilhali mama aliyeketi mbele yake hazungumzi ila Kiswahili. Kazi ya kuvuka kutoka lugha hii kwenda ile huachiwa yeye aifanye papo kwa papo, mgonjwa akimngoja.

Mfano unaofaa ni ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita siko seli. Hukisiwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao Tanzania kila mwaka. Asili yake inajulikana vema. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa hao si sawa na ya watu wengine, na mwaka 1957 Vernon Ingram akabainisha kwamba tofauti yote ni asidi amino moja tu. Jeni iliyo nzima huandikwa A, na iliyogeuka huandikwa S. Kila mtu hupokea moja kwa baba na moja kwa mama: mwenye AA hana S kabisa, mwenye AS kwa kawaida ni mzima, na mwenye SS ni mgonjwa. Mwaka 1954 Anthony Allison, baada ya uchunguzi wake katika Afrika Mashariki, alieleza kwamba wenye AS hukingika kwa kiasi na malaria, na hii ndiyo sababu ya S kuenea katika nchi zenye mbu. Malaria ya Unguja imepungua sana tangu katikati ya miaka ya 2000, lakini S haikuondoka pamoja nayo.

Hayo yote hufundishika kwa siku moja. Ugumu uko katika maneno.

Neno vinasaba, mathalan, limeundwa kwa ustadi: nasaba ni neno kongwe, na kiambishi cha udogo kimelifaa. Bahati mbaya ni kwamba wananchi wengi wamelisikia kwanza katika habari za Mkemia Mkuu wa Serikali na mashauri ya kutafuta baba wa mtoto. Hata sheria ya Tanzania ya mwaka 2009 kuhusu teknolojia hiyo imetumia neno hilo hilo. Kwa hiyo muuguzi asemaye, “Tutapima vinasaba vya mtoto,” huenda akasikiwa kama anayeutia shaka uaminifu wa mama, na mumewe akiwa nje barazani. Heri aseme, “Tutapima damu tuangalie selimundu.” Kauli hiyo si ya adabu tu, bali ndiyo iliyo kweli zaidi, maana kipimo cha kawaida cha ugonjwa huu hutazama himoglobini, si jeni zenyewe.

Kurithi nalo lina mtego wake. Katika Unguja, watu wanapotaja urithi na robo katika sentensi moja, akili huenda kwenye mirathi. Humo robo ni fungu lililokadiriwa: mume ambaye mkewe amekufa akaacha mtoto hupata robo yake. Basi wazazi wawili wenye AS wakiambiwa kwamba robo ya watoto watakuwa wagonjwa, hudhani kuwa katika watoto wanne mmoja ndiye atakayetoa fungu la nyumba nzima. Aliyekwisha kumpata mgonjwa mmoja hujiona amemaliza deni, na mwenye wazima watatu huingoja mimba ya nne kwa hofu. Yote mawili ni makosa. Hesabu huanza upya kila mimba, kama mtu anayerusha sarafu mbili: mimba ya tano haina habari ya nne zilizotangulia. Sarafu hufaa kuliko mchoro wa miraba minne wa vitabuni, kwani mchoro ule wenyewe huonekana kama watoto wanne waliopangwa safu. Tena mirathi hungoja kifo, na jeni hutolewa na wazazi walio hai. Katika usemi wa watu lipo neno jepesi zaidi, kuchukua: mtoto amechukua pua ya babake. Kwa nini asichukue S vilevile?

Mwenye AS huitwa mbebaji, na hapo msikilizaji hufikiri juu ya mtu anayebeba maradhi ya kuambukiza. Kumwita “mwenye S moja” kunatosha.

Jambo linalostahili saa nyingi zaidi darasani ni kuuliza habari za ukoo. Fomu zilizofasiriwa kutoka Kiingereza huuliza, “Je, una ndugu mwenye ugonjwa huu?” Swali hilo halina jibu moja. Ndugu aweza kuwa toka nitoke, au wa baba mmoja, au wa mama mmoja, au mtoto wa ami, au jirani wa siku nyingi. Mama mdogo aweza kuwa mdogo wake mama, mwenye damu moja naye, au mke mwingine wa baba, ambaye hakumpa mtoto jeni hata moja. Ndugu wa kunyonya ni fundisho zuri kuliko yote: sheria ya dini yamharamisha kwa ndoa kama ndugu wa kuzaliwa, lakini maziwa hayapitishi S. Kinyume chake, mtoto wa ami aruhusiwa kuolewa, na ndoa za namna hiyo zimependwa tangu zamani katika pwani, ilhali babu wao ni mmoja na huenda S yao ikatoka kwake.

Muuguzi aliyezaliwa kaskazini huyajua yote haya kabla hajaingia chuoni. Analohitaji kufundishwa ni kuyatumia: aulize, “Mmezaliwa tumbo moja? Baba mmoja?” kisha achore mstari, na asichore mpaka ajibiwe.