TV YENU NYOTE HDR, MBONA YA JIRANI NDIYO INANG'AA?

Na Mwandishi Wetu, Mtwara

MSIMU wa korosho ukichanganya, Mtwara huwa na mambo mawili: pikipiki mpya barabarani na TV mpya sebuleni. Hapo ndipo kasheshe linapoanzia. Wewe umenunua yako ya inchi 43, boksi limeandikwa HDR kwa herufi kubwa. Jirani yako hapo Chikongola naye kanunua ya inchi 43, boksi lake nalo HDR. Mnaweka filamu ileile. Kwa jirani, moto unawaka mpaka unataka kusogeza kiti nyuma. Kwako moto umepoa kama picha ya kalenda ya mwaka juzi. Je, umepigwa changa la macho?

Jibu fupi, msomaji wangu: hukudanganywa, ila hukuambiwa yote. Herufi hizo tatu kwenye boksi zinasema TV inaweza kuisoma picha ya HDR. Hazisemi kama ina ubavu wa kuionyesha. Kusoma bei ya biriani ukutani ni kitu kimoja, kuwa na mshiko wa kuilipia ni kitu kingine.

HDR ndiyo mdudu gani?

Nenda Msimbati saa saba mchana. Mchanga mweupe unakuchoma macho, lakini ukigeukia mikoko kule kwenye mlango wa Mto Ruvuma, kivulini mna giza. Jicho lako linaviona vyote viwili. Picha ya kawaida ya TV haiwezi: ikishika mchanga, kivuli kinakuwa lami, ikishika kivuli, mchanga unakuwa karatasi nyeupe. HDR ni namna ya kutengeneza picha ili ibebe upana huo wote, toka giza nene hadi mwanga mkali.

Mwanga wa kioo cha TV hupimwa kwa niti. Niti moja ni kama mwanga wa mshumaa mmoja uliotandazwa kwenye mita moja ya mraba. Picha ya kawaida hutengenezwa kwa kipimo cha niti 100 tu. Filamu za HDR nyingi hutengenezwa kwa niti 1,000, nyingine 4,000, na mfumo wenyewe una nafasi ya kufika 10,000. Sasa shika kiti: TV nyingi za bei nafuu hutoa kama niti 250 hadi 350 hivi. Umeona mambo?

Lori la korosho kwenye bajaji

Filamu ya niti 1,000 ikiingia kwenye TV ya niti 300 ni sawa na kuhamishia mzigo wa lori kwenye bajaji. Lazima kitu kiachwe. TV moja inaamua kukata mwanga wa juu, basi mawingu yote yanakuwa jalada jeupe. Nyingine inapunguza kila kitu, picha nzima inafifia mpaka unadhani umeme mdogo. Kila kampuni ina hesabu yake ya kipi kibaki na kipi kiende. Hii ndiyo sababu kubwa ya TV mbili kutofautiana hata kama filamu ni moja.

Halafu kuna maelekezo yanayosafiri na picha. HDR10, iliyoanza mwaka 2015, hutoa maelekezo ya aina moja kwa filamu nzima, iwe mchana wa jangwani au usiku wa makaburini. Dolby Vision ya mwaka 2014 na HDR10+ ya mwaka 2017 zinaweza kuielekeza TV tukio kwa tukio. Ila siyo kila TV inazikubali zote. Samsung, kwa mfano, hawaweki Dolby Vision kwenye TV zao. Ukiiweka filamu hiyo, mara nyingi TV inarudi kwenye HDR10.

Giza nalo lina bei

Wengi wanatazama mwanga tu, kumbe utamu uko gizani. Fikiria mvuvi wa Mikindani usiku na karabai yake. Bahari inatakiwa iwe nyeusi tii, karabai iwake peke yake. TV ya bei poa ina taa nyuma ya kioo zinazowaka zote kwa pamoja, kwa hiyo bahari inakuwa rangi ya majivu. Zilizo bora zaidi hugawa taa hizo mafungu mafungu, fungu la gizani linapunguzwa. Mafungu yakiwa machache, utaona ukungu umeizunguka karabai. TV za OLED hazina taa nyuma: kila nukta inajiwasha na kujizima yenyewe, giza ni giza kweli.

Ndiyo maana Januari 2016 muungano wa makampuni uitwao UHD Alliance ulipoweka alama yake ya ubora, ulikubali njia mbili: kioo chenye niti 1,000 na giza lisilozidi niti 0.05, au chenye niti 540 tu lakini giza lisizidi 0.0005. Mwanga mdogo unakubalika giza likiwa kali.

Rangi nazo? Kioo cha biti 8 kina ngazi 256 kwa kila rangi ya msingi, cha biti 10 kina 1,024. Ngazi zikiwa chache, anga la macheo linaonekana lina mistari kama ngazi za ghorofa.

Usikimbilie kulaumu kioo

Wakati mwingine mchawi ni filamu yenyewe. Kopi za kwenye flashi zilizogeuzwa ovyo toka HDR kwenda picha ya kawaida hutoka zimepauka kama kanga iliyofuliwa mara mia. Video za harusi nazo: iPhone toka toleo la 12 la mwaka 2020 hurekodi HDR, na ukiirusha kwenye simu isiyoijua, bibi harusi anaweza kuonekana kama kapakwa unga. Na usishangae simu ya mfukoni ikaishinda TV ya ukutani. Simu nyingi za bei ya juu sasa zinavuka niti 1,000.

Kabla hujatoa noti

Ukiingia dukani usiulize, "Bosi, hii ni HDR?" Atakujibu, "HDR kabisa!" na hajasema uongo. Uliza niti ngapi, taa za nyuma zina mafungu mangapi, kioo ni biti ngapi. Akiguna, nenda na flashi yenye filamu yako ya HDR yenye tukio la usiku, iwekwe kwenye TV mbili tatu, taa za duka zizimwe kama inawezekana.

Kama umeshanunua, usiitupe. Zima hali ya kubana umeme, maana hiyo hupunguza mwanga. Chagua picha iliyoandikwa Cinema au Movie. Funga pazia: kwenye sebule iliyo wazi mchana, hata OLED inahangaika. Na kama unatumia waya wa HDMI, pekua menyu uone kama tundu hilo limeruhusiwa kupokea HDR, kwani kwenye baadhi ya TV huja limefungwa.

Ikishindikana kabisa, zima HDR na utazame picha ya kawaida. Kwenye kioo dhaifu mara nyingi ndiyo inayopendeza zaidi. Jirani asikutie presha.