Sura ya 6: Ratiba Inayoanzia Ijumaa

Mteja akitaka wiki moja ya kufuata nyayo za Wayahudi Afrika Mashariki, usikimbilie kumuuliza anaondoka lini. Muulize Ijumaa jioni angependa awe wapi. Sabato huingia jua linapotua siku hiyo na kutoka Jumamosi usiku. Mwenye kuishika hapandi gari, hanunui kitu wala hapigi picha. Siku nyingine zote hupangwa kwa kurudi nyuma kutoka hapo.

Mimi Ijumaa huiweka Nabugoye, kilima kilicho karibu na Mbale, Uganda. Ndiko waliko Abayudaya, Wayahudi wa Uganda. Mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza hadi wakakosana. Mwaka 1919 alishika Agano la Kale kama lilivyoandikwa, akatahiriwa. Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao miaka ya 1970, wapo waliosali kwa siri. Leo wana sinagogi kubwa lililofunguliwa 2016, na zaburi huziimba kwa Kiluganda. Mwanamume atafunika kichwa. Wewe wa Bofu, kule Likoni, Mombasa, kofia yako ya kiua yatosha kabisa.

Sasa turudi Jumapili. Toka Bofu alfajiri, upite barabara ya Dongo Kundu hadi kituo cha treni cha Miritini, upande treni ya Nairobi. Mwenye tiketi ya asubuhi hana sababu ya kubahatisha foleni ya feri ya Likoni. Jumatatu ni ya Nairobi: sinagogi lililoko kwenye kona ya Uhuru Highway na University Way, la mwaka 1955, kisha hoteli ya Norfolk, ambayo Myahudi Abraham Block aliinunua 1927. Jumanne pitia Gilgil. Hapo Waingereza waliwafunga wapiganaji wa Kiyahudi kutoka Palestina hadi 1948, akiwemo Shmuel Tamir, baadaye waziri wa sheria wa Israel. Kambi yenyewe usiitarajie, na kwa kuwa Gilgil ni mji wa wanajeshi, kamera ikae mfukoni.

Jumatano na Alhamisi mpe Eldoret, japo hakuna jengo la kumwonyesha. Utamwonyesha ardhi. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alimpa Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayoni, wazo la kuwapa Wayahudi waliokuwa wakiuawa Urusi makao Afrika Mashariki, na macho yakaangukia uwanda wa Uasin Gishu, ulipo mji wa Eldoret. Mkutano wa Wazayoni huko Basel ulikubali kutuma wapelelezi kwa kura 295 dhidi ya 178. Watu watatu walikuja kupitia Mombasa, wakaukagua uwanda huo mwanzoni mwa 1905. Mwaka huo huo mkutano uliofuata ukaukataa mpango. Watalii wengi huambiwa ni "mpango wa Uganda", wakaishia kuutafuta ng'ambo ya mpaka. Mwongozaji mwaminifu huongeza lingine: Wanandi na Wamaasai, wenye malisho yale, hawakuulizwa na yeyote. Usipolisema hilo, umesimulia nusu ya hadithi.

Ijumaa vuka mpaka wa Malaba mapema. Mkenya hupita kwa kitambulisho. Mgeni wa ng'ambo akague viza na cheti cha homa ya manjano tangu akiwa kwao. Saa tisa alasiri muwe mmeshafika Mbale, mmeoga, mmenunua maji ya siku mbili. Jumamosi ni kupumzika, Jumapili kurudi.

Kabla hujakata tiketi hata moja, waandikie watu wa sinagogi la Nairobi na wa Nabugoye, ueleze mnakuja wangapi na ni kina nani. Ulinzi ni mkali, na anayebisha hodi bila miadi huenda akarudishwa langoni.