Jengo Linalofunguka (Uchumi wa Mzunguko, Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza maana ya uchumi wa mzunguko, yaani kutumia vifaa tena na tena badala ya kuvitupa. Leo tuingie kwenye mjengo.

Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, bati halitupwi. Chumba kikivunjwa, fundi hung'oa misumari, huinyoosha kwa nyundo, na bati lilelile akaezekea kwingine. Likitoboka sana hushushwa likawa ukuta, kisha ua, na mwishowe huuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, likayeyushwe. Milango, madirisha ya chuma, hata mbao zilizokwisha kushikilia saruji ghorofani, vyote vina wanunuzi. Haya hayakufundishwa na warsha yoyote, yalifundishwa na bei ya vifaa vipya.

Kinachopoteza vifaa ni namna tunavyobomoa, na zaidi namna tunavyounga. Tingatinga zilipoingia Kibera tarehe 23 Julai 2018 kufungua njia ya barabara kati ya Ngong Road na Lang'ata, wakazi walihangaika kuokoa mabati na mbao zao. Kilichopondwa hakirudi kazini. Hata pasipo tingatinga, jiwe lililoungwa kwa saruji nzito ni vigumu kulitoa zima; hupasuka, likabaki kifusi cha kujazia mashimo. Chokaa iliyotumika kujengea miji ya pwani ni laini zaidi, na jiwe huachana nayo.

Mfano wa kuunga vyema uko Kibera penyewe. Mwaka 2015 wasanifu wa SelgasCano, kutoka Uhispania, walisimamisha banda la maonyesho kwenye makumbusho ya Louisiana, Denmark, kwa mabomba yale ambayo mafundi hupandia ghorofani. Maonyesho yakaisha, banda likafunguliwa vipande, likahamishiwa Kibera, na mwaka 2016 likawa shule ya Kibera Hamlets. Bomba lililobanwa kwa kibano hufunguka kwa spana.

Lakini si kila cha zamani kinafaa. Mapaa ya asbesto yasikatwe wala kuezekwa upya, kwa maana vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Nondo iliyoliwa na kutu isibebeshwe ghorofa.

Sheria ya Kenya ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 imeshaufungulia mlango uchumi wa mzunguko. Naiomba Kaunti ya Nairobi, kabla ya kutoa kibali cha kubomoa nyumba kuukuu ya Lavington au Kileleshwa, imtake mwenyewe aonyeshe mbao, milango na mawe yake yanakwenda wapi, na awape mafundi wa Kawangware, majirani zake, muda wa kuyafungua.