Konda, Dereva na Ngazi za Basi

Paukwa! Itikieni, wanangu, hata kama mnasoma peke yenu. Hadithi zetu huja na uongo wake mtamu, lakini ya leo tumeuacha uongo nje, maana watu wake walikuwepo kweli na hesabu zao zimeandikwa.

Jijini London, nchini Uingereza, palikuwa na mabasi mekundu ya ghorofa. Kila basi lilikuwa na watu wawili wa kazi. Dereva alikaa mbele kwenye kibanda chake, ameshika usukani. Konda alikuwa huku nyuma na abiria: anakata tiketi chini, anapanda juu, anakata tiketi huko, anashuka. Basi linasimama, wanaingia wengine, konda huyo, anapanda tena. Kutwa nzima.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, madaktari wa huko waliingiwa na hofu. Wanaume wa makamo, watu wenye nguvu zao, walikuwa wakianguka kwa shambulio la moyo, na kila mwaka idadi yao ilizidi. Sababu haikujulikana.

Kulikuwa na daktari aitwaye Jerry Morris, aliyezaliwa mwaka 1910 na kukulia Glasgow, katika familia ya wahamiaji isiyokuwa na kitu. Alipokuwa mdogo, baba yake alikuwa akiwatoa watoto kwa matembezi ya maili 4. Wakizimaliza ndani ya saa moja, wananunuliwa aiskrimu. Maili 4 ni zaidi ya kilomita 6, kwa hiyo kwa miguu mifupi ile aiskrimu ilikuwa ya jasho hasa.

Morris alijiuliza kama kazi anayofanya mtu ina uhusiano na moyo wake. Ndipo akawafikiria watu wa mabasi. Angalieni alivyokuwa mjanja: dereva na konda wanaajiriwa na shirika moja, wanashinda ndani ya basi moja, na wengi wao wanatoka mitaa ya aina moja. Kinachowatenganisha zaidi ni kwamba mmoja amekaa na mwenzake anahangaika. Watafiti wakapanda mabasi, wakakaa na kuhesabu. Konda alikuwa akipanda kati ya vipandio 500 na 750 kwa siku ya kazi. Dereva alikuwa kitini karibu muda wote wa zamu yake.

Kisha zikapekuliwa kumbukumbu za afya za wanaume wapatao 31,000 wa usafiri wa London, wenye umri wa miaka 35 hadi 64. Mwaka 1953 majibu yakachapishwa katika jarida la kitabibu la The Lancet. Makonda walipata maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na yakiwapata, yaliwapata wakiwa na umri mkubwa zaidi na kwa nguvu ndogo zaidi. Wafanyakazi wa posta nao walitoa picha hiyohiyo: wapeleka barua, waliotembea au kuendesha baiskeli, walikuwa na mioyo yenye afya kuliko makarani waliokaa mezani.

Hapa mtoto mwerevu atanyoosha mkono: huenda wale wanene ndio waliochagua udereva tangu mwanzo! Swali zuri, na Morris alilichukulia kwa uzito. Shirika la mabasi lilikuwa likiwashonea watu wake sare, hivyo vipimo vyote vya suruali vilikuwa kwenye daftari. Vikachambuliwa. Kweli, madereva walikuwa na viuno vipana kuliko makonda, tena hata vijana wao. Kwa hiyo sehemu ya tofauti huenda ililetwa na miili waliyokuja nayo kazini. Nampenda Morris kwa hili kuliko kwa ugunduzi wenyewe, maana aliyachapisha mwaka 1956 ingawa yalitia doa hadithi yake nzuri, kisha akarudi kazini kutafuta ushahidi ulio bora.

Safari hii akawaendea watumishi wa serikali, watu wa ofisini ambao wote hukaa. Wapatao 18,000 waliandika walichofanya siku ya Ijumaa na Jumamosi: nani alilima bustani kwa nguvu, nani aliogelea, nani alitembea upesi, nani alijinyoosha tu. Wakafuatiliwa miaka kadhaa. Waliotoa jasho walipata mashambulio ya moyo kwa uchache sana kuliko wenzao. Baadaye likaonekana jingine: waliokuwa wanamichezo ujanani wakaacha, hawakuwa na kinga yoyote ya ziada. Kumbe mazoezi hayawekwi akiba benki.

Kwani moyo unafaidikaje? Moyo ni msuli, na msuli ukitumiwa hupata nguvu. Wekeni vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, mtasikia mapigo. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Mkimbiaji aliyezoea anaweza kushuka chini ya hapo, kwa sababu moyo wake husukuma damu nyingi kwa pigo moja. Tena moyo wenyewe hulishwa na mishipa yake midogo. Mafuta yakiganda humo na njia ikazibwa, hilo ndilo shambulio. Mazoezi husaidia kupunguza hatari hiyo. Na tumbaku, wanangu, huiharibu mishipa hiyohiyo.

Msije mkadhani makonda wa daladala wamesalimika. Wao hawana ghorofa ya kupanda. Wengi hushinda wamesimama mlangoni, wakivuta moshi wa magari. Kusimama peke yake hakumfanyi mtu atwete.

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wajishughulishe kwa wastani wa dakika 60 kwa siku. Mpira, rede, kuruka kamba na kuchota maji vyote vimo. Watu wazima wapate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani. Kipimo ni rahisi: unatembea, unaweza kuzungumza, lakini ukijaribu kuimba pumzi inakukatikia. Mtoeni baba aliyeshinda kwenye bodaboda, mwende naye sokoni kwa miguu jioni. Bibi mwenye magoti mabovu afanye yake akiwa kitini, kuinua mikono na kunyoosha miguu. Ila mzee akilalamika kifua kinabana au anaishiwa pumzi kwa hatua chache, matembezi yasubiri. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Morris naye aliendelea kufanya mazoezi hadi uzeeni. Mwaka 1996 alitunukiwa nishani ya Olimpiki kwa utafiti wake, na alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.