UTI sugu isiyosikia dawa

Mwanamke anayeingia duka la dawa mtaa wa Kwa Mrombo, Arusha, na kusema kwa sauti ya chini kwamba anaumwa chini ya kitovu, na kwamba tendo la ndoa linamuuma, mara nyingi hutoka na dozi ya antibayotiki. Dozi ikiisha maumivu yakabaki, anaongezewa nyingine. Jirani anamwambia hilo ni chango, atafute mizizi. Mwishowe linaitwa UTI sugu.

Ningependa kwanza aulizwe: dada, umekulia wapi, na mlikuwa mnachota maji wapi?

Kwa Mrombo, kando ya nyama choma inayowavuta watu wa mjini, ni mtaa wa wapangaji waliotoka kila kona. Aliyeoga na kufua bwawani utotoni huenda alihamia mjini na kichocho. Wengi tunakijua kama ugonjwa wa wavulana wanaokojoa damu. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini, hupenya ngozi, kisha minyoo hukomaa na kukaa kwenye mishipa ya damu ya kiunoni. Jike hutaga mayai yenye mwiba. Mengine hutoka na mkojo. Mengine hunasa kwenye uke na shingo ya kizazi, pakavimba na kuvuja damu kwa kuguswa kidogo. Daktari anayejua anachotafuta huona mabaka ya manjano kama chembe za mchanga.

Haya yalichunguzwa jirani kabisa, wilayani Mwanga. Mwaka 2000 Gabriele Poggensee na wenzake walichapisha matokeo yao: zaidi ya theluthi moja ya wanawake waliopimwa walikuwa na kichocho cha shingo ya kizazi. Kati ya wale ambao mkojo wao haukuwa na yai hata moja, zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa nacho. Kwa hiyo kipimo cha mkojo peke yake hakimtoshi mama huyu.

Si kila maumivu ya nyonga ni kichocho, bila shaka. Kuna endometriosi, yaani tishu za mji wa mimba kuota nje yake, na katika mkoa huu wa Arusha, ambao utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta wanawake 43 kati ya 100 wamekeketwa, kuna makovu ya kisu pia.

Linaloniuma zaidi ni shutuma. Mke akitokwa damu baada ya tendo, mume huwaza magonjwa ya zinaa, na ugomvi unaanza kwa kosa ambalo halikutendeka. Wakati huohuo vidonda vya kichocho vinahusishwa na VVU: utafiti wa Jennifer Downs na wenzake Kanda ya Ziwa, uliochapishwa 2011, ulikuta uwezekano wa kuwa na VVU ukiwa takribani mara nne kwa wanawake wenye kichocho cha mkojo kuliko wasio nacho.

Dawa ipo, prazikwanteli, ile wanayogawiwa wanafunzi shuleni. Huua minyoo, lakini haifuti makovu ya mayai yaliyokwisha kunasa, ndiyo maana binti akitibiwa mapema hupona vizuri kuliko mama aliyezungushwa miaka kwa antibayotiki. Na mama huyo, kwa kuwa alishamaliza shule, mgao wa shuleni haumfikii.